Kitabu kimenichosha na mwandishi namjua: niandikeje?

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Morogoro. Kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne ametoa riwaya yake ya kwanza, ya upelelezi, kurasa 286. Kajichapishia kwa fedha zake na sasa anaipeleka kwenye shule za mkoa. Kaniletea nakala yenye saini, akaniomba niiandikie mapitio katika jarida la chama chetu cha walimu. Haikunifurahisha hata kidogo, ingawa kidato cha pili wameigombania mpaka jalada limeng'oka. Nimeandika rasimu, mke wangu kaisoma akasema nimemchinja mtoto wa watu. Wenzangu ofisini wanasema kama huna jema, nyamaza. Mmoja kanishauri nitumie jina la bandia. Ninyamaze? Nipunguze makali? Na nikiandika, mpaka wa haki uko wapi?"

Marahaba, Mwalimu. Rasimu uliyoiambatanisha nimeisoma, nikaisoma tena baada ya chakula nikidhani labda ni njaa iliyoniweka upande wa mkeo. Bado niko upande wake, kwa nusu. Umemchinja kijana kweli. Lakini kusema kwamba kitabu chake hakikufanikiwa sicho kisu chenyewe. Kisu ni hiki: mtu akimaliza kurasa zako mbili hajui riwaya inahusu nini, hajaona hata sentensi yake moja, na akitaka kukubishia hana pa kushika. Inambidi akuamini tu kwa kuwa wewe ni mwalimu. Nimehariri vitabu na kuandika mapitio kwa zaidi ya miaka ishirini, na baada ya kukosea mara nyingi nimebaki na kipimo kimoja: mapitio makali ni ya haki pale yanapompa msomaji vitu vya kutosha vya kuyakataa.

Tutarudi hapo. Kwanza tumalize suala la nani aandike, maana umelipita mbio.

Dunia ya vitabu vya Kiswahili ni mtaa mmoja. Mwandishi kasoma na mhariri, mhariri kafundishwa na mhakiki, mhakiki naye ana mswada wake unaosubiri mezani kwa mchapishaji yuleyule. Tukisema kila anayemjua mwandishi akae kando, tutabaki bila mapitio kabisa. Kwa hiyo kumfundisha kijana hakukuzuii kumwandika. Kunakulazimu ulitaje jambo hilo mapema, katika aya ya kwanza, kwa maneno makavu: mwandishi alikuwa mwanafunzi wangu, na nakala niliyoisoma alinipa yeye. Basi. Usiongeze kwamba hilo halikuathiri maoni yako. Msomaji atapima mwenyewe.

Zipo hali ambazo hata kutaja hakusaidii. Kama umelipwa na mwandishi, kama ni ndugu yako, kama mna ugomvi, kama uliuhariri mswada wake au ulimwandikia dibaji, kalamu mpe mwingine. Dibaji hasa watu huisahau. Nimewahi kuona mtu kaandika dibaji ya kitabu mwezi wa tatu na mapitio ya kitabu hichohicho mwezi wa sita, kama mtu anayepiga makofi kisha anageuka nyuma kutazama ni nani kashangilia. Na ile bahasha ya "nauli" wanayogawa mlangoni siku ya uzinduzi, ukiipokea umeshaandika nusu ya mapitio. Soda na sambusa nazisamehe. (Mgeni rasmi anayekabidhiwa kitabu akiwa ameshafika jukwaani, akakisifu dakika arobaini, simhesabu. Huyo ni sehemu ya mapambo, pamoja na maua ya plastiki.)

Wenzako wa ofisini wana hoja, ila wameipanua kuliko inavyostahili. Kunyamaza ni halali kabisa kwa kitabu kilichochapwa nakala mia tatu na kugawiwa jamaa na majirani. Kukitafutia nafasi jaridani ili ukiseme vibaya ni kumwita mtu uwanjani kwa ajili ya kumzomea. Lakini kitabu kikiwa na mabango, tuzo, mwandishi mwenye jina, au kikiwa kinabishwa hodi mashuleni, ukimya wako unamgharimu mtu. Mzazi wa Kihonda anayetoa shilingi 15,000 anatoa akiamini kwamba kama kingekuwa kibovu mtu angekwisha sema. Kijana wako yupo katikati ya hizo mbili. Kwa kuwa anaingia mashuleni, sababu ya kuandika unayo. Sababu ya kuandika kwa ukali ule huna.

Halafu kuna gharama ya sifa, ambayo wenzako hawaitaji. Fungua mapitio yetu mengi ya vitabu: kitabu hiki ni hazina, kila Mtanzania akisome, mwandishi amebobea. Mgema kasifiwa mpaka kwenye kibuyu yamebaki maji. Anayeumia zaidi hapo ni mwandishi mzuri. Kahangaika miaka minne na riwaya yake, kaiandika upya mara tatu, siku inatoka anapewa "hazina" ileile aliyopewa aliyeandika kwa wiki sita. Atatambuliwa kwa lipi?

Sasa kuna sentensi yako moja iliyonitia wasiwasi: "kuanzia ukurasa wa 200 nilikuwa napitisha macho." Mwaka 1818 jarida la Quarterly Review la London lilitoa mapitio ya shairi refu la John Keats, Endymion. Mhakiki alikuwa John Wilson Croker. Hakutia jina lake, hiyo ilikuwa desturi ya jarida, lakini alikiri palepale kwamba kati ya sehemu nne za shairi alimudu kuisoma moja tu. Alikiri kwa kejeli, kana kwamba uvivu wake ni kosa la mshairi. Keats akafariki Roma Februari 1821, ana miaka 25, na washairi wenzake Shelley na Byron wakaisaidia kuenea ile hadithi kwamba mapitio ndiyo yaliyomuua. Kilichomuua ni kifua kikuu, ambacho kilikuwa kimeshamchukua mdogo wake Tom. Mwambie mkeo hilo, apumue. Wewe chukua upande mwingine wa kisa: miaka mia mbili imepita, na wapenzi wa mashairi wakimtaja Croker, humtaja kwa robo aliyoisoma.

Rudi ukurasa wa 200 ukaanze upya. Kama kweli umeshindwa, hiyo nayo ni habari. Sema umeishia wapi na nini kilikushinda, na mwisho wa hadithi usiuhukumu.

Mimi mwenyewe sina wa kumcheka. Miaka ya nyuma niliandika kwenye gazeti mapitio ya riwaya moja, nikasema katikati hadithi inaruka: mhusika mkuu yuko chomboni anaelekea Pemba, unafungua ukurasa, yuko kizimbani Mombasa na hatujui kashtakiwa nini. Nikaiita "papara ya mwandishi asiyejua kuunganisha matukio." Nilijiona nimepiga penyewe. Siku nne baadaye mwandishi akanipigia simu, mzee mwenye sauti ya taratibu. Hakulalamika. Alisema, "Mwanangu, naomba ufungue ukurasa wa 112." Nikafungua. "Haya, nisomee namba ya ukurasa unaofuata."

Ilikuwa 129.

Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa kila mkunjo, kisha mikunjo hupangwa kwa zamu na kutiwa gundi mgongoni. Kwenye nakala yangu mkunjo wa nane haukuwemo. Kurasa 113 hadi 128, pamoja na karafuu za magendo, usaliti wa nahodha na kukamatwa kwa mtu wangu, zilibaki huko kiwandani kwa mchapaji. Nami nilikuwa nasoma kwa tochi ya simu, umeme umekatika, namba za kurasa sikuzitazama. Gazeti lilitoa masahihisho ya mistari mitatu, wiki mbili baadaye, chini ya matangazo ya viwanja. Mapitio yangu yalikuwa yamechukua nusu ukurasa, na picha juu.

Tangu hapo kitabu kikinikera nahesabu kurasa kwanza, na nauliza kosa ni la nani. Kitabu kina mwandishi, mhariri, msanifu wa kurasa, msomaji prufu (anayesaka makosa kabla ya kuchapa) na mchapaji. Kwa aliyejichapishia, kazi hizo tatu za katikati aghalabu hazikufanywa na mtu yeyote, ndiyo maana kwenye ukurasa wa 41 Zainabu anakuwa Zaituni na kwenye wa 44 anarudi kuwa Zainabu. Hilo ni kosa na linataka kutajwa. Litaje kwa jina lake: kitabu hakikupita kwa msomaji prufu. Usilipe jina la kukosa kipaji. Na ile orodha yako ya makosa 63 ya tahajia usiimwage jaridani. Mfano mmoja au miwili inatosha kwa msomaji. Orodha nzima mpe kijana mkononi, atakushukuru akienda kuchapa mara ya pili.

Tuingie kwenye rasimu. Inaanza hivi:

"Mwandishi huyu hajui Kiswahili. Wahusika wake ni magogo. Nilijuta kupoteza muda wangu, na nawashauri wasomaji wasipoteze fedha zao."

Sentensi ya kwanza inamsema mtu. Hajui Kiswahili, umejuaje? Unachokijua ni kilichomo ukurasani. Ukurasa unaweza kuusema utakavyo, kwa sababu msomaji naye anaweza kuufungua. Kichwa cha mwandishi hakuna awezaye kukifungua. Tena usisahau ni nani aliyemfundisha hicho Kiswahili.

Sentensi ya pili huenda ni kweli tupu, lakini umeuficha ushahidi. Magogo kivipi? Nilipopekua yale maelezo yako ya penseli uliyoyapiga picha, nikakuta umeandika pembeni "moyo ngoma tena!!" Nilicheka peke yangu. Hicho ndicho cha kuandika. Jaribu hivi:

"Katika kurasa arobaini za mwanzo, moyo wa mtu 'unadunda kama ngoma' mara sita. Unadunda wa Zainabu anapomwona mchumba wake, wa baba yake anapopata habari za kifo, wa askari anayekimbia, hata wa mganga ambaye ukurasa mmoja kabla tumeambiwa haogopi kitu. Watu wanne wamepewa moyo mmoja, na mimi nikashindwa kujua nani ana hofu, nani ana furaha, nani amechoka tu kukimbia."

Tusi hamna humo. Lakini ni kali kuliko magogo yako, kwa sababu msomaji ameona. Na tazama kilichotokea: mtu anayeipenda riwaya hii sasa anaweza kukujibu kwamba ngano zetu zimejaa misemo ya kurudiwa, kwamba bibi akisimulia hatafuti tamathali mpya kila mara, na kwamba wewe ndiye unayesoma kwa miwani ya chuo. Ana haki ya kusema hivyo, na umempa wewe mwenyewe cha kusemea.

Hesabu ile, "mara sita", usiichukulie kirahisi. Hesabu kweli. "Kila mara", "kila ukurasa", "kitabu kizima" ni maneno ya mtu aliyekasirika. Ukisema kila ukurasa, mwandishi atafungua ukurasa mmoja usio na kosa hilo na utakuwa umekwisha.

Nukuu nayo ina adabu yake. Ukinukuu, nukuu sentensi nzima na utaje ukurasa. Usiokote sentensi mbovu kuliko zote ukaiweka kama ndiyo sura ya kitabu. Mimi huchagua ukurasa wa kawaida, ule ambao mtu akifungua kitabu ovyo dukani ndio atakaoukuta, nikatoa sentensi hapo. Kama hata hapo ubovu unaonekana, basi upo. Kama hauonekani, huenda hasira zangu zimetoka kwenye mahali pamoja tu.

Sentensi yako ya tatu, ya kujuta na kupoteza muda, inatuambia habari za jioni yako. Iondoe. Ushauri wa fedha nao uondoe, uweke badala yake jambo uliloniambia kwa kupita katika swali lako: kidato cha pili wameigombania mpaka jalada limeng'oka. Mwalimu! Hiyo ni habari kubwa kuliko zote, nawe umeiacha nje ya mapitio kwa sababu inakwenda kinyume na maoni yako. Sikwambii wao wamepatia na wewe umekosea. Watoto wa miaka kumi na mitano hugombania vitu vingi. Lakini msomaji wako anataka kujua kitabu kinamfaa nani, na mzazi mwenye binti asiyeshika kitabu cha Kiswahili ila kwa mtihani angekupa mkono kwa habari hiyo. Iweke, kisha sema kwa nini wewe hukuipenda, akae nazo zote mbili.

Kuhusu kusifu. Usitafute sifa za kupozea. Ile desturi ya kufungua kwa "mwandishi anastahili pongezi kwa juhudi zake" kila mtu anaijua; mwandishi akiisoma anashika kichwa, anajua kofi linakuja. Sifa iwepo kama ipo. Na ipo, nimeiona kwenye penseli yako: sura ile ya soko la Mawenzi, mama anapanga mafungu ya dagaa huku anajibu simu ya anayemdai, na kila akidanganya kwenye simu anaongeza dagaa mmoja kwenye fungu. Ulipigia mstari ukaandika "safi". Mtu aliyeandika hilo anajua kuandika. Mnukuu hapo, mstari mzima, ukurasa wake. Itafanya lawama ya moyo na ngoma iwe nzito zaidi, kwa sababu itaonekana kwamba aliweza.

Aya yako ya tatu ndiyo yenye kosa lililojificha. Unamlaumu kwamba riwaya "haina falsafa" na "haigusi matatizo ya jamii." Kijana kaandika hadithi ya upelelezi. Hakukuahidi falsafa.

Kosa hili lina historia ndefu kwetu. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kwa washairi wengi vina na mizani vikawa ndiyo mpaka wa ushairi wenyewe. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na utangulizi wa kuitetea njia hiyo. Ule mgogoro wa wanamapokeo, watu wa vina na mizani, na wanausasa, watu wa mashairi huru, unaufundisha darasani, sina haja ya kukusimulia. Ninachotaka ukitazame ni namna maswali mawili yalivyokuwa yakichanganywa. Mtu alikuwa na haki kamili ya kusema: ushairi wa Kiswahili ni wa kuimbwa, usio na vina hauimbiki, kwa hiyo njia hii siikubali. Hiyo ni hoja juu ya njia. Swali la pili ni kama, ndani ya njia aliyoichagua mshairi, mistari yake inasimama: imekatwa pale kwa sababu gani, picha zake zina uzito, sauti inabebwa na nini ikiwa kina hakipo. Ukipima shairi huru kwa mizani, ukakuta mizani hamna, ukafunga kitabu, umelalamika kwamba ngalawa haina magurudumu. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni pamoja na yale ya vina na mizani, na lile swali la pili ndilo lililobaki na faida.

Kwa hiyo unaweza kusema huipendi riwaya ya upelelezi na kwamba vijana wetu wangeandika vitu vingine. Liseme hilo peke yake, kama maoni juu ya aina ya kitabu, mstari mmoja. Kisha mpime kijana kwa ahadi aliyoitoa mwenyewe. Hapo unayo lawama nzito na hukuiandika: umeniambia muuaji ulimjua kwenye ukurasa wa 60. Kwa hadithi ya upelelezi hilo ni shimo kwenye jahazi. Eleza kwamba dokezo limetolewa mapema mno na kwa sauti ya juu mno, kiasi kwamba kurasa 226 zinazobaki msomaji anamsubiri mpelelezi amfikie. Muuaji mwenyewe usimtaje, wala usiseme dokezo ni lipi. Mtama haumwagwi penye kuku wengi, na kuku wa kidato cha pili bado hawajamaliza zamu.

Mtu akikuambia kukosoana hadharani si utamaduni wetu, muulize anasema utamaduni upi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana mashairi makali na malenga wa Lamu, miji yao ikiwa kwenye uhasama. Karne iliyofuata kurasa za ushairi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, zilikuwa na majibizano ya watu kutoka kila pembe ya nchi. Kejeli ilikuwemo, tena ya kuchoma. Lakini kulikuwa na kanuni moja ambayo mimi naiona ni ya busara kuliko miongozo mingi ya wahakiki: anayejibu aghalabu alimfuata mwenzake kwa bahari yake, yaani umbo lilelile la shairi, na mara nyingi kwa vina vyake. Hukuweza kumkosoa mtu bila kwanza kuusikiliza wimbo wake vizuri kiasi cha kuweza kuubeba. Kwa mapitio ya nathari maana yake ni kwamba aya yako ya pili, kabla ya lawama yoyote, ieleze kitabu kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe akiisoma angesema, naam, hicho ndicho nilichokiandika. Katika rasimu yako aya hiyo haimo.

Kejeli mimi naitumia, kwa kubana. Naielekeza kwa kitabu chenye kiburi, chenye jalada linalojiita "riwaya bora ya karne." Kwa kitabu cha kwanza cha kijana aliyeuza pikipiki kulipia uchapaji, siitumii.

Jina la bandia, hapana. Mwaka 2010 mwanahistoria wa Uingereza, Orlando Figes, aligundulika kuwa ndiye aliyekuwa akiandika kwenye tovuti ya Amazon, kwa jina lisilo lake, maoni ya kuponda vitabu vya wanahistoria wenzake na kukisifu cha kwake. Mwanzoni alikana, baadaye akakiri na kulipa fidia. Nawe hapo chamani, kwa jinsi unavyoandika, watakutambua kabla ya aya ya pili kwisha. Utakuwa umekosa heshima ya kusema na usalama wa kujificha kwa pamoja.

Na kuna neno moja kwenye rasimu linaloniogopesha kuliko "magogo". Umeandika kwamba sura ya tisa "inaelekea imeibwa." Huo si uhakiki tena, ni shutuma. Kusema hadithi inachosha ni maoni, na sheria ya kashfa huyalinda maoni ya dhati juu ya kazi iliyotolewa hadharani. Kusema imeibwa ni kudai jambo limetendeka. Kama una kitabu cha pili mkononi, weka vifungu viwili sambamba, ukurasa kwa ukurasa, umwonyeshe kwanza kijana na mhariri wa jarida. Kama ni hisia tu kwamba umewahi kuisoma mahali, futa leo, usisubiri kesho.

Mapitio yakishapangiwa toleo, mpigie. Usimpelekee ayaidhinishe, hiyo kazi si yake. Mwambie tu yanatoka lini na kwamba si ya kusifu, asije akayakuta kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wenzake yakiwa yamezungushiwa duara jekundu. Akiandika kujibu, mwachie neno la mwisho. Ukurasani umeshasema yako. Isipokuwa akikukamata kwenye kosa la ukweli, kama yule mzee alivyonikamata mimi. Hapo mwombe mhariri masahihisho yakae mahali palepale pa mapitio, kwa herufi zilezile.

Rasimu ya pili nitumie ukipenda. Lakini mpe kwanza mkeo, kisha mtafute mmoja wa wale waliong'oa jalada, mpe asome, umuulize ni wapi hakubaliani na wewe. Akikosa pa kuonyesha, bado haijaiva.